Maswali ya Wasomaji: Kupiga Picha Harusi Bila Kuipangapanga

Mwezi huu barua nyingi zimetoka kwa wapigapicha na maharusi wanaotaka picha zinazoonyesha harusi jinsi ilivyokwenda, watu wakicheka na kulia wenyewe bila kuambiwa "tazama hapa". Tumechagua sita. Namba za kamera tunazozitaja zichukulieni kama pa kuanzia; ukumbi ukibadilika, nazo zinabadilika.

Salaam wahariri. Napiga harusi hapa Morogoro, huu ni mwaka wangu wa pili. Nikiinua kamera tu, watu wanakakamaa. Shangazi aliyekuwa anacheka anafunga mdomo, anaweka mikono mapajani na kunikazia macho. Nimejaribu kusimama mbali na lenzi ya 70-200, ile ya kuvuta mbali, lakini picha zinatoka kama za mtu anayechungulia dirishani. Nifanyeje?

Anza kwa kumwelewa shangazi. Kwa wazee wetu wengi picha ni jambo la studio: unavaa nguo ya sikukuu, unakaa kitako, unamtazama mpigapicha, unatulia. Capital Art Studio ya Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, imewapiga watu wa Mji Mkongwe namna hiyo kwa miaka mingi, na miji mingine ya Afrika Mashariki nayo ilikuwa na studio zake. Shangazi anapojiweka sawa anakupa heshima. Mpige hiyo picha, moja tu, mwambie "ahsante shangazi, umependeza", kisha usiondoke. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wakishaipata ile iliyokakamaa wanahamia meza nyingine. Wewe baki. Shusha kamera hadi kifuani, sikiliza mazungumzo. Baada ya dakika mbili tatu atarudi kwenye kicheko chake, na safari hii ukiinua kamera hatahangaika nayo, maana picha yake ameshapata.

Lenzi ya 70-200 iweke kwa ajili ya kanisani. Nyumbani na ukumbini tumia lenzi ya 35mm kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi kikubwa cha mwanga), au 24mm kwenye kamera yenye kihisi kidogo, ukiwa umesimama mita moja na nusu hadi mbili. Kwa umbali huo huwezi kujificha, na hilo ndilo tunalolitaka. Mtu anayeviziwa huhisi, na picha huonyesha. Mtu aliyekuzoea hakujali.

Kuzoeleka kuna kazi yake. Fika nyumbani kwa bibi harusi angalau saa mbili kabla hajaanza kuvaa. Salimia wote, wakubwa wape shikamoo zao mmoja mmoja, na ukikaribishwa chai kunywa. Nusu saa ya kwanza kamera ikae shingoni bila kupiga. Vaa kama mgeni mwalikwa. Kizibao chenye mifuko kumi na viatu vinavyogonga sakafu vinakutangaza kila unapopita. Kamera ikiwa na shata (kifunguzi cha mwanga) ya kimya, itumie hapo chumbani penye mwanga wa dirisha (ukumbini ina matatizo yake, tutayaeleza kwenye jibu linalofuata).

Halafu jifunze kutangulia na kuchelewa. Kutangulia ni kuweka kamera jichoni kabla jambo halijatokea na kusubiri hapo hapo. Watu huchoka kuitazama kamera isiyolia. Kuchelewa ni kutoshusha kamera jambo likishapita: hesabu hadi tano kimoyomoyo. Mama anapomfunga binti yake shela, kila mtu anapiga pini inapoingia. Ukingoja, utaona pini imeshakaa lakini mkono wa mama bado uko begani kwa binti, hautaki kutoka. Picha ni hiyo ya pili. Anayekimbilia kutazama kioo cha kamera kila akipiga anaikosa kila mara, tena anawajulisha watu kwamba amemaliza nao.

Ndugu wahariri, nina Canon ya zamani yenye kihisi kidogo cha APS-C na lenzi iliyokuja nayo, 18-55. Kumbi za hapa Dodoma ni giza. Nisipotumia flashi picha zinatikisika. Nikiitumia, nyuso zinakuwa za zambarau. Mwenzangu mwenye kamera mpya isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) yeye anapata mistari myeusi iliyolala kwenye picha. Tatizo ni kamera zetu?

Kamera zenu ni nzima. Hizo ni kasoro tatu na kila moja ina sababu yake.

Kutikisika kunatokana na lenzi. Ukiivuta hadi 55mm, tundu lake kubwa kabisa la kupitisha mwanga ni f/5.6 (namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8, ambayo ndiyo ya bei nafuu kuliko karibu zote sokoni, inaingiza mwanga karibu mara kumi zaidi ya hapo. Kwa hiyo pale ulipokuwa unapiga kwa sekunde 1/20 na kila anayesogea akawa ukungu, utapiga kwa 1/200. Jua tu kwamba kwenye kihisi chako 50mm inabana kama 80mm, kwa hiyo kuwapata maharusi wote wawili kuanzia kichwani hadi miguuni utarudi nyuma mita nne au tano. Mpaka utakapoinunua, usiivute lenzi yako. Iache kwenye 18mm ambako tundu ni f/3.5, na usogee kwa miguu. Usiiogope ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) ya 3200. Picha yenye chenga kidogo ya baba anayecheka inapendwa nyumbani kuliko picha safi iliyotikisika. Kwa mtu aliyesimama anatoa nasaha 1/125 inatosha, kwa maharusi wanaoingia wakicheza usishuke chini ya 1/250.

Zambarau inatoka juu ya kichwa chako. Umefundishwa kuelekeza flashi darini ili mwanga urudi chini ukiwa laini, na darini mpambaji ameshona kitambaa cha zambarau ukumbi mzima. Mwanga unarudi na rangi ya kitambaa. Fika ukumbini mapema, kabla wageni hawajaingia, utafute ukuta au nguzo nyeupe, na geuza kichwa cha flashi kuelekea huko hata kama ni ubavuni au nyuma yako. Ukuta usipopatikana, funga kadi nyeupe ya ukubwa wa daftari nyuma ya flashi ili mwanga ugonge hapo. Punguza nguvu hadi 1/8 au 1/16 na upandishe ISO hadi 1600. Flashi itajichaji haraka, na taa za ukumbi zitabaki zinaonekana badala ya maharusi kusimama mbele ya shimo jeusi.

Kama ni taa zenyewe za DJ zilizo za zambarau au bluu tupu, hakuna uhariri utakaoiokoa ngozi, kwa sababu rangi moja imejaa hadi ikamwagika na maumbo ya uso yamepotea ndani yake. Hapo subiri taa zibadilike (huwa zinazunguka, hesabu mzunguko wake) au zunguka upande ambao taa ya mtu wa video inafika. Picha nzuri iliyonaswa chini ya taa mbaya mara nyingine hupona ikigeuzwa nyeusi na nyeupe.

Mistari ya mwenzako ni ya shata ya kimya. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya kimya inausoma mwanga mstari kwa mstari kutoka juu hadi chini ya kihisi. Taa ikififia katikati ya kusoma, mstari ule unatoka mweusi. Arudi kwenye shata ya kawaida, apige kwa 1/100 au 1/50 pale penye watu waliotulia, na kama kamera yake ina kipengele cha kuzuia mpepeso wa taa akiwashe. Taa za jukwaani za LED zina mpepeso wao tofauti, hivyo apige picha za majaribio DJ anapofunga vyombo, si bibi harusi akiwa mlangoni.

Mimi niko Mwanza. Shida yangu si kamera, ni watu. MC anasimamisha kila kitu akisema "wapigapicha jipangeni", watu wa video wananisukuma, wageni wanajaza njia na simu. Nitapataje tukio la kweli?

Nusu ya vita hiyo inapiganwa kabla ya siku yenyewe. Omba uhudhurie kikao cha mwisho cha kamati, au angalau upewe ratiba, na mpigie MC simu. MC mzuri atakusikiliza kwa sababu naye anataka sherehe isikatike. Mwombe mambo mawili tu: asisimamishe kulishana keki kwa ajili ya kamera, na DJ asizime taa zote maharusi wanapoingia. Mtu wa video naye mtafute mapema mgawane pande. Yeye akichukua kulia mwa njia, wewe chukua kushoto na ubaki huko. Taa yake isikuudhi. Ukisimama karibu pembe mraba nayo, inakuwa mwanga wa pembeni unaochonga nyuso vizuri kuliko flashi yako. Ukisimama nyuma yake, kila uso utakuwa bapa.

Msitu wa simu huwezi kuufyeka. Ama uingize ndani ya picha, maana nao ni sehemu ya harusi za siku hizi, ama geuka. Tunasisitiza hili la kugeuka kwa sababu ndilo linalosahaulika: maharusi wanapigwa na simu hamsini, mama wa bwana harusi hapigwi na yeyote. Pete ikishavishwa, zungusha kamera kwenye benchi la wazazi. Matarumbeta yakianza nje ya kanisa, mtafute babu.

Picha za keki ndizo huharibiwa ovyo kuliko zote. Maharusi wakipiga magoti kuwalisha wazazi, wapigapicha wote hujazana nyuma ya maharusi na kupata migongo miwili. Wewe tangulia nyuma ya viti vya wazazi, pembeni, uchuchumae. Kutoka hapo unaona uso wa bibi harusi, mikono ya mama inayopokea na sahani inayotikisika. Vivyo hivyo wakati wa kutunza: kaa upande wa maharusi uwapokee wanaokuja wakicheza na vitenge na masufuria kichwani, usiwafuate kwa nyuma.

Kanisani ongea na paroko au mchungaji mapema, si asubuhi ya ndoa. Uliza mstari usiouvuka ni upi. Katika misa, wakati wa mageuzo (padri anapoweka wakfu mkate na divai) simama tuli, kamera chini. Kwa viapo, nguzo ya pembeni karibu na mbele ndiyo mahali pako: unampata bibi harusi akitazama juu ya bega la mwenzake, na hapo sasa ile 70-200 ina kazi.

Wahariri, asalaam aleikum. Mimi ni binti mpigapicha, Mombasa. Naitwa kupiga siku ya kupamba, wanawake peke yao. Naona nyuso za furaha zisizopatikana kwengine popote, lakini wageni wananikimbia wakihofia picha kuvuja. Nipige vipi bila kumvunjia mtu sitara yake?

Wa aleikum salaam. Hofu yao ni ya haki, na kazi yako inaanza kwa kuiondoa kabla hujaingia mlangoni.

Tatizo huwa si wewe uliye ukumbini. Tatizo ni safari ya picha baada yako. Mteja anahakikisha mpigapicha ni mwanamke, kisha picha zinapelekwa kwa mhariri mwanamume, zinachapwa kwenye maabara ambako vijana wanaziona kwenye kioo, na nakala inabaki kwenye kompyuta ya duka. Andika kwenye mkataba nani atazishika picha hatua kwa hatua: nani anapiga, nani anahariri, zinachapwa wapi na nani anasimama pale zikichapwa. Zima kutuma kwa Wi-Fi kwenye kamera na kuhifadhi kwa mtandao kwenye kompyuta. Kabidhi picha kwa mkono kwenye diski yenye nywila. Kiasi cha nakala utakazobaki nazo, na kwa siku ngapi, mwenye harusi ndiye aseme. Usiweke hata moja mtandaoni kwa ajili ya kujitangaza bila ruhusa ya maandishi ya kila anayeonekana, si ya bibi harusi peke yake. Sheria nayo iko upande wao: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Tanzania ina yake ya mwaka 2022, na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya imekwisha kutoza faini waliochapisha picha za watu bila ridhaa.

Ukifika, mwombe somo (mwanamke anayemfunda bibi harusi) au mwenye shughuli akutambulishe kwa wote, aseme wewe ni nani na picha zitakwenda wapi. Panga upande mmoja wa ukumbi usiopigwa kabisa, asiyetaka akae huko kwa raha. Na uuheshimu, ukiuvunja mara moja, ukumbi mzima umefungwa kwako.

Ndani ya mipaka hiyo kuna mengi mno. Mikono inayopakwa hina, na shoga anayempepea bibi harusi ili hina ikauke. Pembe za vugo (ngoma ya wanawake) zikigongwa, ukipiga kwa 1/60 kijiti kinakuwa kivuli cha mwendo na mkono unabaki mkali. Viatu vilivyotupwa pembeni na wachezaji. Hizo hazina uso wa mtu, na ndizo unazoweza kuomba kuzionyesha kwa wateja wengine.

Siku ya nikaha yenyewe muwe wawili, mwanamume msikitini na wewe nyumbani. Yeye anangoja mikono ya walii (msimamizi wa bibi harusi) na ya bwana harusi inaposhikana. Wewe unangoja ndani ya chumba, kwani bwana harusi akija watamzuia mlangoni wakidai kifungua mlango, na ile purukushani ya kicheko na kubishania pesa ni ya dakika chache tu. Simama ndani ukitazama mlango, lenzi pana, fokasi ikiwa tayari kwenye kizingiti. Akishaingia na kumwekea bibi harusi mkono kwenye paji la uso kusoma dua, piga picha mbili, tatu, kisha shusha kamera na utoke.

Mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa Arusha Desemba. Tunataka picha za asili tupu, hakuna kupanga watu mistari. Mama mkwe anasema bila picha za familia yeye atakuwa kama hakuhudhuria. Tumweleweshe vipi?

Msimweleweshe, mwelewane naye. Mama yuko sahihi. Picha ya ukoo wote umesimama pamoja haitokei yenyewe, na baadhi ya hao wazee hamtawakusanya tena. Ipe nafasi yake, halafu ifungieni hapo.

Andikeni makundi yasiyozidi kumi. Kila kundi linachukua kama dakika tatu, nyingi zikiwa za kumtafuta mjomba, kwa hiyo ni nusu saa. Mpeni orodha hiyo binamu mwenye sauti anayewajua ndugu wa pande zote mbili, mpigapicha hawajui. Pigeni mara tu baada ya ibada, nje ya kanisa, kwenye kivuli cha jengo. Msikubali kivuli cha mti wenye majani machache, kwani mwanga unapenya na kuwatia watu madoa usoni. Anzeni na wazee, wakae wakapumzike. Zile picha zenu wawili ziwekeni kuanzia saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelala, dakika ishirini zinatosha. Saa zote zilizobaki ziwe huru.

Kabla ya kumlipa mtu, mwombeni awaonyeshe harusi moja nzima, asubuhi hadi usiku. Picha ishirini bora za miaka mitatu kila mtu anazo. Tazameni hasa za ukumbini na ndafu ikiingizwa: kama hapo nyuso zinaonekana na watu hawatazami kamera, mmempata. Ulizeni pia kama atakuja mwenyewe au atatuma kijana, na kama ana kamera ya pili.

Nikabidhi picha ngapi? Na wateja wanaotaka waonekane weupe, niwape? — Msomaji, Kigoma.

Ukipiga kwa muda wa saa kumi utakuwa na picha 2,000 hadi 3,000. Kabidhi 400 hadi 600. Ondoa kwanza zilizotikisika na zilizofumba macho, kisha zinazofanana, ubaki na moja kati ya kila tano. Usiondoe picha kwa sababu tu kona imekaa vibaya kama ndiyo pekee ya bibi akilia.

Kung'arisha ngozi, hapana, na mwambie mteja mapema kwa upole. Mara nyingi anachokilalamikia ni uso uliotoka giza, na kosa hilo ni lako. Gauni jeupe likijaza fremu, kamera inadhani mwanga ni mwingi na inapunguza. Ongeza theluthi mbili hadi stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili). Ukipima kwenye shavu la mtu mweusi sana, kamera inafanya kinyume, inalichoma. Punguza stopu moja. Piga RAW (faili ghafi la kamera), uso uwe sahihi, na uangalie tu gauni lisipoteze nyuzi zake. Ngozi iliyopigwa kwa mwanga wake inang'aa bila kubadilishwa rangi.

RAW za kamera ya megapikseli 24 ni kama MB 25 hadi 30 kila moja, hivyo harusi moja inakula GB 50 hadi 90. Kamera ikiwa na nafasi mbili za kadi, andika kwenye zote. Usiku huo huo nakili kwenye diski mbili na moja isilale nyumba moja na nyingine. Kadi usizifute mpaka maharusi wamepokea picha zao, wamezifungua na wamekujibu kwamba zote zinafunguka.